Siku Rima Alipoomba Maji

Dada Zuhura,

Rima wetu, mtoto asiyesema neno, ameomba maji. Mwenyewe! Nilitaka uwe wa kwanza kujua, nikakumbuka uko kaburini Kilifi mwezi wa nne sasa. Basi nakuandikia hivyo hivyo.

Uliporudishwa nyumbani mgonjwa, familia ya madam ilihama kutoka Riyadh. Tuko Jeddah, na madam amenituma nikae na Rima darasani. Shule imempa tableti yenye picha. Akigusa picha, inamsemea. Wiki sita hakuigusa. Mwalimu akaniambia kwa upole kwamba hali ikiendelea hivyo, tableti hiyo itapewa mtoto mwingine. Nililia chooni.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Unajua tulivyozoea kazi za ndani: maji yafike kabla ya kuitishwa, mtoto asilie, madam asije akafoka. Rima akitazama tu chupa, mimi nishaifungua. Angeomba kwa nini?

Ndipo nikakukumbuka jikoni Riyadh, umekalia mikono yako kwenye stuli, Rima anazunguka friji. Mlangoni mwa friji umebandika picha ya maziwa uliyoikata kwenye karatasi ya matangazo ya supamaketi. Nilikucheka: "Dada, unamtesa mtoto wa watu." Ukanijibu, "Shwiya, polepole, Mariamu. Mpe nafasi kidogo." Mpaka akaigusa. Mimi nilidhani ni uvivu wako. Nisamehe.

Basi Jumapili nilikalia mikono. Chupa niliiweka juu ya kabati. Rima akanivuta abaya, akapiga kelele hadi wenzake wakageuka. Mikono iliniwasha, dada! Akarudi mezani, akaweka kidole. "Abgha moya," tableti ikasema: nataka maji. Mwalimu akapiga makofi. Mimi kwa haraka ya kuifungua chupa nilimwaga nusu yake.

Tableti haiondoki tena mikononi mwake. Jana nilipomchana nywele aligusa "halas," yaani niache. Sijawahi kufurahia kufukuzwa namna hiyo. Najivunia mtoto huyu, na najivunia kwamba nilifunzwa kazi na wewe.

Nimeingiza picha yako humo, ile ya dera la njano. Leo ameigusa mara tatu. "Zuhura. Zuhura. Zuhura." Kisha akatulia, akaiangalia, viganja amevikalia, akingoja.

Pumzika, mwalimu wangu. Picha yako sitaifuta. Na siku atakayotaka kuniuliza uliko, sitamharakisha. Nitangoja mpaka amalize, kisha nitamwambia kweli.

Mdogo wako,
Mariamu