Vitatu au Vitano

Jumapili, 2 Juni 2024

Nimerudi kwangu Mbwawa jioni, kutoka kumuuguza shangazi Kisarawe. Bodaboda na vumbi la Kisarawe vimenimaliza mgongo. Shangazi Biubwa hali kitu ila uji mwepesi. Ulimi lakini mzima! Kaniambia nimenenepa mpaka mume wangu atahama kitanda. Nikacheka. Halafu akanishika mkono: nikifa, Mwanamvua, nioshwe na wanawake. Sanda iwe ya kike, vipande vitano. Usiwaachie wanaume.

Nikasema sawa, shangazi. Nilisema haraka mno, kama mtu aliyeagizwa chumvi dukani.

Jumanne, 4 Juni

Kaka Salehe kapiga simu. Anauliza "baba mdogo" anaendeleaje. Baba mdogo! Nikamuuliza yupi. Akasema nisijitoe ufahamu — alizaliwa mwanaume, akaitwa Matano, atakufa Matano. Basi, ugomvi.

Baba alipokuwa hai nani angethubutu? Yeye alisema huyu ni dada yangu, na mjadala ukafungwa. Kisarawe nzima ikaitika Bi Biubwa. Akina mama walimkabidhi mabinti zao awafunde. Hata mimi alinifunda — kukaa na mume, na kununa kwa akili. Walijua wote! Hakuna ambaye hakujua. Siku hizi hata kwenye harusi haitwi. Watoto wa hao hao aliowafunda wanamrekodi kwa simu akipita, wanacheka.

Nimewaza usiku kucha. Ukisema "yeye", ukisema "mgonjwa", ukisema "amelala", hakuna anayekuuliza kitu. Mpaka ufike kwenye shangazi na baba mdogo. Hapo ndipo mimi na Salehe tunapokatiana simu.

Alhamisi, 6 Juni

Amefariki alfajiri. Sikuwepo.

Alhamisi hiyo hiyo, Kisarawe

Nimejifungia chumbani kwake. Kunanukia udi na dawa ya kuchua. Khanga zake zimekunjwa vizuri, hakuna aliyezigusa.

Salehe ndiye kashika msiba. Nimeusema wosia mbele ya wazee wote. Shehe hakunifokea — heri angefoka. Kasema taratibu: mwanangu, mwanaume huoshwa na wanaume, hatuna la kuongeza. Nikamgeukia Bi Hajra, anayeosha maiti za wanawake hapa, shoga yake Shangazi tangu ujana. Nikamwambia bibi, wewe unamjua, sema basi. Akatazama kucha zake.

"Mie ningemuosha, mwanangu. Lakini kesho nani ataniita tena kwake?"

 

Kisha mkata sanda akauliza pale uani, kwa sauti ya kawaida tu, maana yeye mgeni, katokea Mlandizi: "Marehemu mwanamke au mwanaume? Nikate vitano au vitatu?"

Watu wamekula naye, wamecheza naye ngoma, wamelia naye kwenye misiba yao — kimya! Na mimi je? Mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu. Mimi mwenye maneno mengi.

Salehe akasema vitatu.

Sasa wanaume wako nyuma ya turubai wanamuosha. Nasikia maji yakimiminwa. Najionea aibu. Nina hasira, na sijui niipeleke wapi: kwa Salehe, kwa shehe, au kwangu mimi mjinga niliyesema sawa, shangazi.

Mtu anagonga mlango.  Anagonga tena.

Ni Bi Hajra. Ananong'ona kwenye tundu la kitasa. Anasema vile vitatu vimeshakatwa. Kitambaa kimebaki, na mkasi anao yeye, kauficha ndani ya mtandio. Kinatosha viwili, vitimie vitano.

Anasema lakini peke yake hawezi kwenda nyuma ya lile turubai. Anauliza, nafungua au sifungui —