Shangazi Arudi Matopeni

2 Februari

Nati mwanangu,

Salamu nyingi kutoka karakanani. Huku sote wazima, ila baba yako ana mafua na anayatangaza mtaa mzima kama tangazo la serikali. Wewe je? Kifua kinaivumilia hiyo baridi? Unakula, au unaonja tu?

Nakuandikia kwa sababu simu na sikio langu havielewani tena, unajua kelele za ekzosi za pikipiki zilivyonimaliza. Habari yenyewe ni hii: chama cha motokrosi kinaandaa mbio za pikipiki za zamani mwezi wa nne. Sharti pikipiki iwe na shokapu mbili nyuma na breki za ngoma. Sasa hapa mjini nani anayo kama si mimi? Nimeondoa marobota ya vitambaa vya viti yaliyokuwa juu ya ile pikipiki yangu ya ujana, nimesafisha kabureta, nimepiga kiki hadi mguu ukafa ganzi. Imewaka, mwanangu! Moshi ulijaa mpaka mteja aliyeleta kiti cha teksi akatoka mbio bila kiti.

Ila shokapu za mbele zinavuja mafuta. Si ndiyo kazi yako huko kwenye timu ya mbio? Nitafutie sili za kuzuia mafuta, saizi nimeichora nyuma ya karatasi hii.

Shangazi yako

19 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula, nalala, hata mashavu yamerudi. Mpe Baba pole ya mafua.

Barua yako nimeisoma nimekaa, kisha nikaisoma nimesimama. Una miaka sitini na kitu! Viwanja vya siku hizi vimejengwa kwa mashine za siku hizi. Injini zimerudi kuwa za mipigo minne, zina nguvu ya kung'oa kisiki, na nyuma kuna shokapu moja inayomeza mshtuko kama godoro. Mtu akiruka anapita juu ya paa la nyumba. Wewe ukitua kutoka pale na pikipiki yako utatawanyika kama vifungo vya shati.

Juzi nimeshika mashine mpya ya betri. Haina klachi wala moshi, na injini yake husikii. Unasikia tu udongo ukiruka na mpandaji akihema. Nilikuwaza wewe, ningependa uione.

Lakini sili sitatuma. Nisamehe. Baba ameniandikia kwamba nikikusaidia nisimwite baba tena.

Mwanao, Nati

6 Machi

Nati,

Marahaba. Naona mashavu yamerudi na kiburi.

Sikukuomba ruhusa, nilikuomba sili.

Halafu usinitishe na mipigo minne. Fundi aliyenifundisha mimi alianzia huko huko, enzi mtu anachukua pikipiki ya barabarani, anang'oa taa, anaingia nayo porini. Zilikuwa nzito kama ng'ombe aliyegoma. Mbio zikiisha, mikono haishiki hata kikombe. Ndipo zikaja ndogo za mipigo miwili. Watu wakazicheka, eti zinalia kama nzi. Waliocheka wakaachwa kwenye kona. Na ndizo zilizonifungulia mlango, mwanamke niliyekuwa mwembamba kama ufagio. Ng'ombe nisingemwinua, nzi nilimweza. Nimewaacha madereva wa malori, nimewaacha polisi. Mmoja alinisubiri kwenye mstari wa mwisho aone ndani ya helmeti kuna nani, akaona nywele, akaondoka zake.

Baadaye wenzangu wakapata shokapu ndefu, kisha ile moja ya nyuma, kisha injini za kupozwa kwa maji. Mimi nikabaki na yangu, nikaolewa na cherehani. Sijuti, cherehani imenitunza. Lakini ile injini ilipowaka, Nati, nilikaa chini nikacheka peke yangu. Sitaki kikombe. Nataka kusimama tena kwenye lango la kuanzia mbio, nisubiri lianguke.

Baba yako ni mpima macho. Anasoma herufi ndogo kuliko zote ukutani, ila mimi hanioni.

Shangazi

21 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Afya njema, kazi nyingi.

Umenishinda. Sili zimo kwenye kifurushi, pamoja na mafuta yake na glavu. Lakini ule mruko mkubwa, lile tuta la kurukia uwanjani huko, usiuguse. Nimeuliza, pembeni kuna njia ya kuzunguka. Niahidi. Na Baba asijue zilikotoka.

Nati

10 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Uko salama? Mbio zilikuwa mwezi uliopita na sina hata mstari mmoja kutoka kwako. Nikimpigia Baba anasema, "Muulize mwenyewe," anakata. Leo nimefunga shokapu kichwa chini, fundi mkuu akaniuliza kama kuna mtu nimempenda. Tafadhali, niandikie.

Nati wako

24 Mei

Nati mwanangu,

Marahaba, na usishtuke kuona mwandiko wa baba yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asipunguze neno. (Nimeapa. Baba.)

Mkono wangu wa kulia uko kwenye plasta. Ningekujibu mapema, ila alikataa kuwa karani wangu mpaka nikiri kwamba alinionya. Sikukiri. Amechoka mwenyewe. (Alionywa mara nyingi.)

Sikia sasa. Kulikuwa na matope ya kufinyangia vyungu. Kushoto kwangu mwenye duka la rangi, kulia mchungaji mstaafu. Lango likaanguka, na mwili ukakumbuka kila kitu kabla yangu. Kwenye mruko mkubwa nilizunguka kama ulivyotaka, wakanipita wawili. Nikawapata kwenye kona ya matope, maana pale kitambi ni mzigo. Nikamaliza wa nne, mzima kabisa.

Nilianguka baada ya mstari, mahali tambarare kama meza. Nilimwona baba yako, aliyesema hatakuja, amening'inia kwenye uzio na koti jeupe la kazini, anapiga kelele, "Yule dada yangu! Yule dada yangu!" Kwa sikio hili bovu nilimsikia. Nikaachia usukani nimpungie. (Sikupiga kelele. Nilisema kwa sauti.)

Kwenye gari la wagonjwa nilicheka mpaka nesi akaniangalia kama nimeumia kichwa. Nina furaha, mwanangu. Sili hazikuvuja hata tone. (Kwa hiyo ni wewe.)

Shangazi

25 Mei

Binti yangu,

Karatasi hii ni yangu peke yangu. Shangazi yako ameenda kubishana na mteja.

Siku ile alinikataza nisimfuate hospitali kabla sijaitoa pikipiki matopeni. Nikawa naisukuma. Uwanja ulipoanza kuteremka nikaona nikae tu juu, ijiendee. Kumbe mguu wangu uliingiza gia. Ikawaka. Mbele kulikuwa na kituta, si ule mruko mkubwa, ni kile wanachofundishia wanaoanza. Binti yangu, tairi zote mbili ziliondoka ardhini. Nikatua nimekaa, miwani usoni, na hakuna aliyeniona.

Tangu hapo kila Jumapili naenda karakanani kuipasha moto injini isigande. Dada anadhani ni wema.

Kuhusu kuniita baba, endelea tu. Sasa nijibu hili, na barua uitume kazini kwangu, si nyumbani: mtu akiwa hewani, anatazama tairi ya mbele, au anatazama mbali?

Baba yako