Bobi Sasa Ananusa Kwanza

Mama,

Nilitaka nianze na habari za ziwa, kwamba magugu maji yameziba ufuko wetu hapa Usenge mpaka mashua zinasukumwa kwa miti, lakini nitakuwa nakuzungusha tu. Nianze na Bobi. Mama, nimemkosea mbwa wako, na nikipita karibu na kaburi lako natazama kando, kama zamani nikivunja chungu chako.

Unakumbuka alivyokwapua samaki, yule ngege, kwenye karai lako? Alikuwa bado mdogo, masikio makubwa kuliko kichwa. Nilishika fimbo nimkimbize, ukanizuia. "Atieno, ukimfukuza atameza. Wacha ninunue." Ukachuchumaa mchangani na kipande cha mgongo wazi mkononi, ile mifupa ya mbuta inayotoka viwandani minofu ikishakatwa, ukaanza kumbembeleza aje, kwa Kijaluo. "Bobi, bi! Bi, baba!" Ilichukua muda mpaka nikachoka kukutazama. Mwishowe akaja, ukamwambia "Wacha," ukafungua ngumi. Yule ngege akaanguka mzima, ukamwosha vizuri, ukamuuza siku ileile kwa mteja ambaye simtaji hapa.

Kuanzia hapo akawa mwanafunzi wako. Ulimwanzisha na gunzi la mahindi, kitu asichokipenda sana, ukaja kwenye kandambili, halafu mfupa. Akiachia unampa kipande chake na sifa juu, utafikiri ameleta mahari. Mara nyingine ulimrudishia na gunzi lenyewe. Nikakuuliza, sasa faida iko wapi? Ukacheka. "Akijua narudisha, atatoroka kwa nini?" Tena ulikuwa unamwita hata bila kosa, katikati ya kuanika dagaa wako wa omena, unampa kitu, unamwacha aende zake. Mimi nilisema huo ni upweke. Nilisema hivyo kule sokoni Kibuye mbele ya mafundi wenzangu wa cherehani, na tukacheka sana.

Sasa sikiliza nilichofanya. Ilikuwa siku ya kugawana nguo zako, baada ya mazishi. Shangazi walikuwa wameketi kwenye mkeka wanakunja magauni, Baba mkubwa yuko kwenye kiti chake anaamua nani achukue nini. Bobi akatokea nyuma ya jikoni, akadaka kiatu chako kimoja, kile cha plastiki cha kwendea ufukoni, akakimbilia uani kwenye minyaa. Baba mkubwa akapaza sauti: "Sasa hata mbwa anarithi? Atieno, kwani huyu mlimfunza nini hapa?" Watu wakacheka, na katika matanga, Mama.

Nikachuchumaa kama wewe. Nikafumba ngumi, nikaita, "Bobi, bi!" Niliita kwa sauti yako hasa, mpaka shangazi mmoja akaliacha gauni mapajani akanigeukia. Mkononi sikuwa na kitu. Bobi alikuja mbio, mkia ukimtikisa mwili mzima. Akaniwekea kiatu miguuni, akakaa, akangoja nifungue. Nikakiokota kiatu kilekile nikampiga nacho usoni.

Sikumpiga kwa sababu ya wizi. Nilimpiga ili Baba mkubwa aone kwamba mimi si mtu wa kubembeleza mbwa. Na Bobi hakulia. Aliangalia tena ile ngumi, labda alidhani nimesahau. Naandika haya na mkono huohuo, na ninauonea haya.

Baada ya hapo akawa haji. Nikimwita anasimama mbali kwenye minyaa, ananitazama, anageuka. Akachukua upawa wangu, akachukua kofia ya mgeni, na kila alichochukua alikwenda nacho vichakani moja kwa moja. Halafu akaanza kupita kwenye omena za jirani yako, Min Akinyi. Mwanzo mama huyo alivumilia kwa ajili yako. Mara ya mwisho alikuja mpaka mlangoni. "Atieno, mimi naheshimu mama yako sana. Lakini huyo mbwa akichukua samaki yangu tena, vijana yangu watamaliza yeye. Usikuje kulia kwangu." Mimi ndiye niliyemwonyesha Bobi kwamba akirudisha anapigwa.

Kwa hiyo sikurudi Kibuye. Nimekaa hapa kwako, nikaanza na gunzi. Kila asubuhi nilichemsha mgongo wazi, nikakaa chini nimempa mgongo, nikawa natupa vipande nyuma yangu bila kuita. Baba mkubwa akipita anauliza kama nimepata mume mpya. Mwanzoni nilikuwa nikimsikia anakuja, naficha bakuli chini ya leso. Hebu fikiria, mtu mzima kama mimi! Siku nyingine nikaliacha wazi.

Lile neno lako, "bi", sikulitumia. Nilishaliharibu. Nilimwita "njoo" tu, na kila alipokuja alikuta kitu, hata kama alikuwa hajakosa lolote. Akiachia gunzi namrudishia. Hakuwa na furaha ile ya kwako, ila alikuja.

Jumamosi iliyopita Min Akinyi alikuwa na wageni. Bobi akaingia jikoni kwake akatoka na ngege mzima mdomoni, na vijana wake wawili nyuma, kila mmoja na rungu. Nilikimbia hata viatu sina. Niliwaomba wasimame, nikawaambia mkimfukuza atameza, na nilisikia kabisa ni wewe unaongea. Wakasimama kwa kunishangaa tu. Baba mkubwa alikuwa pale, na wageni, na nusu ya ufuko. Nikapiga magoti kwenye matope. "Bobi, njoo. Njoo, baba."

Alikuja, lakini polepole, tumbo karibu liguse chini. Akafika mbele yangu na ngege bado mdomoni, akasogeza pua kwenye ngumi yangu, akanusa vidole kimoja kimoja. Akanusa tena. Ndipo akaachia. Nikamlisha mbele yao wote, nikamsifu kwa sauti, na Baba mkubwa akasema "Kweli huyu ni mtoto ya mama yake," akaondoka. Min Akinyi alimwosha samaki wake. Wageni walimla, nadhani.

Watu wanasema nimemwokoa Bobi. Mimi najua nilichokiona. Kwako alikuwa anaachia kwanza, kunusa baadaye, na mara nyingine alisahau hata kunusa. Mimi ananikagua, na ana haki.

Kile kiatu hakuna aliyekitaka, kimoja kitamfaa nani. Nimempa. Anakilalia mlangoni kwako.

Nikirudi Kibuye nitaondoka naye, na mwenye nyumba aseme atakachosema. Pumzika, Mama. Nakuahidi sitamwita tena mkono ukiwa mtupu, hata akiishi mpaka azeeke bila kuacha kuninusa.

Mwanao,
Atieno