Sauti Yangu Mbele ya Wazazi

Saadi, nimeaibika leo. Nimeaibika mbele ya wazazi wote hapa Morotonga.

Unamkumbuka Mwanamvua, yule mtafiti wa chuo kikuu anayezunguka mashuleni kuuliza watu wanapata wapi habari na wanazihakiki vipi? Leo kwenye kikao cha wazazi kasema, "Sikilizeni hii, imefika vijiji tisa." Akabonyeza simu.

Sauti yangu! Lile shairi langu nililojirekodi na kulisambaza kwa simu, la dawa ya kichocho, kwamba inawaharibia mabinti uzazi.

Watu wakacheka, "Malenga wetu huyo!" Nikasimama kwa hasira. "Dada, hilo jambo kila mtu analijua."

Akaniuliza taratibu tu, "Wewe alikuambia nani?"

Saadi, habari yenyewe niliisoma kwenye grupu la WhatsApp. Ujumbe hauna hata jina la mwandishi. Nikautungia beti sita bila kumuuliza hata nesi.

Halafu akainuka Zilpa, jirani yangu. Hakunitukana, na bora angenitukana. "Siku ya kugawa dawa shuleni nilimficha binti yangu nyumbani. Sasa anakojoa damu. Ujumbe ulipokuja wa maandishi niliupuuza. Nilipousikia kwako, nikauamini."

Nilipousikia kwako, nikauamini! Hakuna aliyecheka tena.

Natoka, akina mama watatu wakanizuia getini. "Sasa tuwape watoto dawa, au tusiwape?"

Bado wananiuliza mimi, Saadi! Nikawaambia sijui, twendeni tukamuulize nesi. Wakaniangalia kama mtu anayewaficha kitu.