Joto la Mama

Wafa mdogo wangu, salamu nyingi huko Uvira.

Sisi Buyenzi tu wazima, alhamdulillah. Duka la vipuri linaenda. Lile joto langu la ghafla, linalolowesha nguo mchana kweupe, nimelipeleka kwa daktari mwenyewe. Akanipima presha na matiti, akasema hedhi inakoma, akaniandikia jeli ya homoni ya kupaka mkononi. Sasa nalala vizuri, na mafundi wameanza tena kuniogopa.

Wafa, Mama alitokwa jasho hivihivi. Tulimsomea Kurani miaka miwili, mi na we tukimshika mikono akilia. Apana, halikuwa jini.

Nawe unaniambia siku hizi unalala sakafuni upate baridi. Wakikuletea shehe akusomee, mpe chai, kisha panda gari uje.

Dada yako,
Rania