Mchanga wa Kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Kidato cha pili. Nimechora maduara manne ubaoni: miamba na udongo, maji, hewa, viumbe hai. Ukigusa moja, yote yanatikisika. Yule binti ninayemwita Kidole, kwa kunyoosha mkono kila dakika, akauliza binadamu anakaa wapi. Kwenye viumbe hai, nikamjibu. Akasema mbona mkono wake uko kote? Darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 4 Machi
Mume wangu karudi, lori linachuruza maji ya mto. Bado anachota mchanga pale kwenye kona ya mto, chini ya nyumba ya mama yake! Nikamwambia ukingo utakatika. Eti mto hujijaza wenyewe, tangu enzi za babu yake. Babu yako alichota kwa karai, bwana wee! Akazira chakula.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda kwa mama mkwe. Kisima kimekauka — ndoo inarudi na tope. Ukuta wa jiko una ufa, kiganja kinaingia. Mchanga ukiondoka mto unashuka, na maji ya kisima yanaufuata. Miaka kumi na moja nafundisha hilo! Mama ananisihi nisimseme mwanawe, anatafuta riziki.
Na nani alimwonyesha kona ile? Mimi. Wakati wa uchumba, najifanya msomi: mto huweka mchanga upande wa ndani wa kona. Mdomo huu! Ningeushona.

Jumamosi, 8 Machi
Leo mume wangu kaniandalia chai mwenyewe. Nikajua kuna jambo. Anataka nimshawishi mama ahamie kwetu. Nikafurahi, mjinga mimi, nikaanza hadi kupanga kitanda kiwekwe wapi. Kumbe mchanga wa konani umekwisha. Uliobaki umelaliwa na nyumba yenyewe ya mama, na ndio anaoutaka. Eti wewe mwalimu, atakusikiliza. Nimemchukia. Kweli nimemchukia.

Jumapili, 9 Machi
Simu imelia tukiwa mezani. Mama. Mume wangu akabonyeza spika. Jiko limeanguka! Hakuumia, alikuwa nje anaanua nguo. Akasema: mwanangu, wewe umeyasoma haya, niambie kweli — nikija kwenu, nyumba yangu nitaikuta?
Mume wangu akanikazia macho, akaitikia kwa kichwa: sema ndiyo.
Nimesema nafuata miwani. Nimejifungia chumbani, naandika haya, miwani iko usoni. Simu haijakatwa. Namsikia mama kwenye spika kule mezani anaita, haloo, mwanangu, upo? Na mume wangu anamjibu kwa upole kwamba niko njiani.