Nilisema Mafuta

Jumapili, 6 Septemba 1981

Leo kisu changu kimewekwa mezani. Hatimaye! Tulikutana uani kwa Natvarlal, nyuma ya duka lake la vyombo pale Msimbazi, kama kila Jumapili ya kwanza ya mwezi – sisi saba wapenda visu. Desturi yetu ni hii: mwenye kisu anataja chuma chake na alikizima kwenye nini kilipotoka motoni, kisha anafunga mdomo mpaka kisu kimalize kuzunguka meza. Nikataja. Springi ya lori. Mpini wa mpingo. Urefu, zaidi ya mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. "Nimekizima kwenye mafuta ya kupikia," nikasema. "Lita nne."

Uongo. Hapa tu ndipo ninapoandika ukweli: kilikuwa chekundu motoni, mafuta sina, nikakichovya kwenye ndoo ya maji. Wiki tatu nilisubiri mafuta. Oili chafu ya magari kwetu ni mwiko, nyama itanuka. Na kila mmoja wetu anajua, chuma cha springi ukikitia maji kinaweza kupata ufa usioonekana.

Natvarlal alisifu mpini, akasema misumari imekaa upande kidogo. Sawa, ni kweli. Gaudens, kaka wa mke wangu, mwenye bucha Kariakoo, alikipima mkononi akawa anatabasamu tu. Kisha Awadhi mnoa visu akakigonga kwa ukucha, akasikiliza. Akagonga tena. Akasema hakilii vizuri. Nilitamani kumrukia – wivu, nikajiambia. Gaudens akamkata kauli mbele ya wote: kama ni mafuta yeye hana shaka, Jumamosi atapasulia ng'ombe wa harusi ya binti yake Winifrida. Nikaitikia kwa kichwa, akaondoka nacho. Mimi ni mtu wa namna gani?

Jumatatu, 7 Septemba

Mke wangu Severa hasemi nami. Ameshasikia sokoni. Lita nne kwa ajili ya kisu, naye anapika mchicha wa kuchemsha tangu Julai! Aliuliza neno moja tu, zimebaki ngapi. Nikasema zimekwisha. Akaenda kulala na mwiko mkononi.

Nimeduwaa. Sikufikiria hata kidogo kwamba watu watasikia mafuta, wasisikie kisu.

Jumatano, 9 Septemba

Watu wanne leo wamekuja karakana na chupa tupu. Wanne! Mmoja simjui kabisa, anataka ya kukaangia vitumbua. Mimi seremala, nina vumbi la mbao tu. Natvarlal naye kapita, kaniita pembeni, kanong'ona kwamba hata robo lita ingemfaa, mkewe Indumati ana wageni. Huyu huyu ndiye niliyemwomba mafuta mwezi uliopita akasema hana! Sasa anadhani nina njia zangu.

Jioni nikaenda bucha kumweleza Gaudens. Anakionyesha kisu kwa kila mteja. "Kazi ya shemeji yangu hii." Nikanunua nusu kilo ya mifupa, nikarudi.

Ijumaa, 11 Septemba

Awadhi kaja na baiskeli yake ya kunolea. Hakushuka. Akauliza taratibu: Tarsis, kile kisu ulikizima kwenye nini? Mafuta, nikasema. Akasema basi masikio yake yamezeeka, akakanyaga pedali akaenda.

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo wasemavyo. Yangu mbona haiishi? Naona aibu, na naogopa. Kipande cha chuma kile kikiruka kitaruka usoni kwa mtu. Kesho asubuhi na mapema nitamwambia Gaudens, kabla ng'ombe hajapasuliwa.

Jumamosi, 12 Septemba

Saa moja na nusu nafunga viatu – hodi. Mama Clotilda, balozi wetu wa nyumba kumi, na mgambo wawili. Wameletewa habari kwamba naficha mafuta. Wamepekua chini ya kitanda, darini, hata ndani ya jeneza la mteja wa Ilala ambalo halijachukuliwa. Nikasema mafuta hayakuwepo kabisa, nilitumia maji. Mama Clotilda akaandika. Akasema, "Ungesema hivyo tangu mwanzo, baba, tusingefika hapa."

Severa alikuwa amesimama mlangoni. "Maji?" akasema. "Kaka anajua?"

Akatoka mbio, pekupeku, khanga moja tu.

Mimi nimekatazwa kutoka mpaka katibu wa tawi afike. Nimewasihi wamtume mgambo mmoja uani kwa Gaudens. Wamecheka – maji yatapasuaje chuma? Walisema ng'ombe atapasuliwa saa mbili. Sasa saa tatu na nusu. Naandika ili nisihesabu dakika.

Kuna baiskeli nje. Awadhi. Severa hayuko naye. Anazungumza na Mama Clotilda kwa sauti ya chini, na Mama Clotilda ameweka kalamu chini. Awadhi kashika kifurushi cha gazeti, mpini wa mpingo umechomoza. Kifupi. Kisu changu ni kirefu kuliko hicho, ni kirefu mara mbili –